Bwana wa mhuri kagonga USONI tena. Watu wa Tanga tumemkosea nini?

Kiti_cha_Mbele:
Wadau, huyu mtu nani anamlinda? Jina simtaji na hospitali yenyewe siitaji. Kila mwalimu wa mji huu aliyewahi kushika fomu ya afya ya kwenda kufundisha Uchina anamjua. Bwana wa mhuri. Huyohuyo.

Leo asubuhi kagonga mhuri usoni. Si pembeni mwa picha, si kwenye kona. USONI. Pua imo ndani ya duara, macho yamefutika, kilichosalia cheupe ni sikio la kushoto na kola ya shati. Mama mzazi akioneshwa picha ile anaanza kuuliza msiba uko wapi. Bwana akaulizwa kwa adabu zote, "Kaka, si unagonga ukingoni?" Akajibu mbele ya benchi zima: "Kwani Wachina wanataka sura au wanataka mwalimu?"

Benchi likacheka. Aliyekuja kung'oa jino akacheka.

Haya, kwa wasiojua. Mhuri unalalia ukingo wa picha: sehemu ndogo juu ya picha, sehemu kubwa juu ya karatasi. Kazi yake ni moja, mtu asibandue picha yako akabandika ya binamu yake. Ukigonga katikati ya uso, picha inabanduka vilevile na mhuri wote unaondoka nayo! Yaani ametia watu wino wa bure. Na huwezi kubandika picha mpya juu yake wala kuibandua, itaonekana fomu imechezewa. Inaandikwa upya yote: urefu, uzito, presha, macho, kutambua rangi, kundi la damu, moyo, kifua, daktari asaini tena. Halafu wino wenyewe ule wa majimaji, kwenye karatasi ya picha inayong'aa haukauki. Kunja fomu uone, pua yako imehamia kwenye presha.

Anagonga kama anatwanga kisamvu. "Wanataka sura au wanataka mwalimu." Ebo!

Mkonge_Mbichi:
Pole mkuu. Tupia picha tulione hilo sikio.

BintiPangani:
Mwacheni, ana haki. Na huyo bwana si mhuri tu, akishika kalamu ndiyo utalia. Fomu ile ina orodha ya maradhi: polio, dondakoo, homa ya matumbo, kuhara damu, uti wa mgongo, homa ya ini na ndugu zao. Kila moja lina Ndiyo na Hapana yake, na imeandikwa kabisa kwamba kila kipengele kijibiwe. Yeye anatia alama Hapana ya juu, kisha anateremsha mstari mmoja mpaka chini. Mkono ukimpinda, mstari unakata kwenye Ndiyo za orodha ya pili, ile ya akili. Hapo mwalimu wa watu anasomeka ana wazimu wa kuchangamka, wazimu wa kushuku watu na wazimu wa kuona visivyokuwepo, vyote vitatu kwa mpigo.

Mkonge_Mbichi:
Kwa walimu wa sekondari ninaowajua, mstari hauna makosa.

Kiti_cha_Mbele:
Asante dada. Lakini tusitoke kwenye mada. USONI jamani. Angegonga shingoni ningesema bahati mbaya.

Mzee_wa_Raskazone:
Vijana mnapigia kelele mhuri na hamjauliza majibu ya maabara yako wapi. Fomu peke yake haitoshi. Inaambatanishwa na karatasi halisi za vipimo vya VVU na kaswende, na ripoti ya picha ya kifua, si nakala. Tena uhai wake ni miezi 6. Mtu anakimbilia kupima mwezi ule ule anaoomba kazi, barua ya kibali inachelewa, viza ikikaribia fomu imeshaoza. Subirini mtakapodaiwa fomu ndipo mpime.

Na kaswende: kile kipimo cha kwanza cha haraka kinaweza kusema ipo kumbe haipo. Malaria inakichanganya, ujauzito unakichanganya. Hapa kwetu malaria si mgeni. Kikitoka hivyo usigombane na ndoa yako kwanza, dai kipimo cha pili cha uthibitisho, TPHA. Ila aliyewahi kuugua akatibiwa, hicho cha pili kinaweza kubaki chanya maisha yake yote. Huyo abebe barua ya daktari ya matibabu pamoja na kiwango cha kile cha kwanza kuonesha kimeshuka.

Shungi_Jeupe:
Shikamoo mzee. Mbona umeijua sana kaswende?

Mzee_wa_Raskazone:
Marahaba. Nenda kalale.

Chumba_cha_Giza:
Mimi nacheka tu. Mhuri unafutwa kwa fomu mpya, lakini picha ya kifua ikisema una doa, kazi unayo. Na madoa mengine mnakuja nayo kichwani. Misuko minene ikiangukia mabegani inatupa kivuli juu ya ncha za mapafu, na ncha za mapafu ndiko TB inakopenda kukaa. Msomaji wa picha hajakuona wewe wala rasta zako, anaona ukungu. Nywele zifungwe juu ya utosi. Toa mkufu, toa sidiria yenye vyuma, toa hirizi (ndiyo, hirizi, tunaziona, na pini iliyoshonewa ndani tunaiona). Mabega mbele, vuta pumzi mpaka mwisho, ibane. Ukipumua nusu moyo unaonekana mkubwa na mapafu yanajaa michirizi, halafu mnasema mashine mbovu.

Mjamzito aseme KABLA, si akishavaa gauni.

Kiti_cha_Mbele:
Mtaalamu, na wewe hebu sema. Mhuri unagongwa usoni?

Chumba_cha_Giza:
Mimi ni wa kifua. Uso si idara yangu.

Mhamali_wa_Muscat:
Nyie wa Uchina mnadekezwa. Njooni huku kwa Waarabu. Kwanza unajiandikisha kwenye mfumo wao mtandaoni, ule zamani ukiitwa GAMCA siku hizi Wafid, unalipa, mfumo unakutolea karatasi yenye kituo cha kupimia. Ukikosea namba moja ya pasipoti kwenye karatasi ile, unalipa tena. Wanapima VVU, homa ya ini B na C, kaswende, malaria, minyoo ya matende, mkojo, choo, kifua, na mwanamke anapimwa ujauzito. Majibu ni maneno mawili, unafaa au hufai, na yanaingia kwenye mfumo wanaousoma nchi zote za Ghuba. Ukikataliwa kwa ajili ya Oman usidhani utakimbilia Qatar.

Linalouma ni kovu. Uchina fomu inauliza TB inayoambukiza. Ghuba hata ukipona zamani, ukameza dawa miezi 6 yote, ukatoa makohozi safi, kovu likionekana kwenye mapafu: hufai. Mwalimu ana afya ya punda, kakataliwa na kivuli.

BintiPangani:
Hii ya kovu ni dhuluma hasa. Mhuri si kitu.

Kiti_cha_Mbele:
Mhuri si kitu?? Dada, nawe umegeuka?

Profesa_Chuda:
Wapendwa, niongeze elimu. Korea Kusini walifuta kipimo cha VVU kwa walimu wa lugha wa kigeni mwaka 2017. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi ilikuwa imekwishasema kuwapima wageni peke yao na kuwaacha walimu wenyeji ni ubaguzi. Mwalimu mmoja wa New Zealand ndiye aliyepeleka shauri. Uchina nao mwaka 2010 waliondoa katazo la wenye VVU kuingia nchini, ingawa kipimo chenyewe bado kimo kwenye fomu.

Mkonge_Mbichi:
Profesa, Korea kibali kile cha walimu wa Kiingereza ni kwa raia wa nchi 7 na Tanzania haimo. Unatusomea menyu ya harusi tusiyoalikwa.

Profesa_Chuda:
Elimu haina mwisho.

Mkonge_Mbichi:
Lakini uzi una mada.

Kiti_cha_Mbele:
ASANTE.

Gati_la_Kale:
Mada mnaijua nyie? Mada ni Thailand. Cheti chao cha daktari cha kibali cha kazi kinataja mambo sita tu: ukoma, TB inayoambukiza, uraibu wa dawa za kulevya, ulevi wa kupindukia, kaswende iliyofika hatua ya tatu, na MATENDE yaliyofika hatua ya kuchukiza jamii. Sasa mtu wa pwani yetu hii, kuanzia Moa mpaka Kipumbwi, unapomtajia matende na jamii kuchukizwa, unamtafuta nini? Huku babu mwenye mguu ndiye anayepisha watu barazani.

Shungi_Jeupe:
Na mabusha je, yamo?

Gati_la_Kale:
Hayakutajwa. Nadhani hawajafika Tanga.

Chupa_ya_Damu:
Hapo kwenye matende kuna kichekesho cha maabara. Vijidudu vya matende vya huku kwetu mchana vinajificha, vinatoka kwenye damu ya pembeni usiku, kati ya saa 4 na saa 8. Damu ikitolewa saa 3 asubuhi ikatazamwa kwa hadubini, hata mwenye mguu wa pipa anaweza kuandikiwa hana kitu. Wanaotaka ukweli wanatumia kile kipimo cha kitepe kinachotafuta alama ya mnyoo mkubwa, hicho hakijali saa. Lakini karatasi imeandikwa damu itazamwe, basi inatazamwa asubuhi, inaandikwa hakuna, kila mtu anakwenda kunywa chai.

Jingine, na hili lishikeni. Msichanje chanjo ya homa ya ini B wiki ya kupima! Chanjo imetengenezwa kwa kipande kile kile cha kirusi ambacho kipimo kinakitafuta, na kinaweza kuelea kwenye damu hadi wiki kama 3. Mtu kachanja Jumatatu kwa nia njema, Alhamisi kapimwa, kaandikwa ana homa ya ini. Acha mwezi upite. Tena dawa ya kikohozi yenye kodeini kwenye kipimo cha mkojo inasomeka jamii ya afyuni. Sema mapema unachomeza, na uje na karatasi ya dawa.

Shungi_Jeupe:
Na wanawake wasipeleke mkojo siku zao. Damu ikiingia wataandika figo.

Kahawa_Chungu:
Presha pia. Watu wanatoka barazani na vikombe vitatu vya kahawa na kashata, wanapanda ngazi mbio, wanapimwa wamesimama, wanaandikwa 160. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Kahawa iache nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza, kibofu kikijaa kinapandisha. Na wa kipimo cha umeme wa moyo msijipake mafuta ya nazi kifuani, vile vibandiko havishiki, mstari unatetemeka mpaka daktari anashtuka yeye.

Kiti_cha_Mbele:
Wote mmesema vizuri. Sasa tukubaliane ya mhuri, nani anakwenda kumwambia?

Mkonge_Mbichi:
Wewe. Ila vaa kofia ya pikipiki.

Abiria_wa_Kange:
Mnaongelea mhuri na nauli hamuitaji? Ukipangiwa kituo cha Dar, basi la alfajiri kutoka Kange linasimama Segera, linasimama Chalinze, kila kituo konda anashuka kula. Unafika maabara zinafunga, na ulikuwa umefunga kula tangu jana kwa ajili ya kipimo cha sukari. Saa 8 za kufunga zimegeuka 16, sukari imeshuka, unapepesuka, wanaandika afya dhaifu.

Mhamali_wa_Muscat:
Lala Dar siku moja kabla. Na maji kunywa, kufunga kwa sukari hakukatazi maji.

Abiria_wa_Kange:
Nilale kwa nani? Shemeji mwenyewe wa Tandika ana maneno.

BintiPangani:
Mashemeji wa Tandika tuanzishie uzi wao.

Shungi_Jeupe:
Jamani nina swali la kweli. Wa Ghuba, kile kikopo cha choo wanachotoa mbona kidogo vile? Mtu analenga vipi?

Chupa_ya_Damu:
Hulengi, dada. Unatandika karatasi au mfuko safi, kisha unachota kwa kijiko kilichomo kwenye kifuniko. Kiasi cha punje ya harage kinatosha, usijaze kikopo. Kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni, vinaua vijidudu tunavyovitafuta. Kikiwa cha majimaji kitufikie ndani ya nusu saa, kikiwa kigumu kinavumilia saa kadhaa. Jina juu ya kopo, si juu ya kifuniko, maana vifuniko tunavifungua vingi kwa pamoja.

Abiria_wa_Kange:
Nusu saa? Kutoka Tanga?

Chupa_ya_Damu:
Unakitolea huko huko kituoni, kaka. Usipande nacho basi.

Abiria_wa_Kange:
Sasa na konda akishatoka Segera anakataa kusimama hata kwa haja ndogo mpaka Chalinze, hiyo ya kituoni nitaibana vipi?