Acheni kutudanganya kuhusu mikate ya Kichina ya majani ya vitunguu!

Wakuu habari zenu, leo naandika nina hasira na sizunguki.

Hivi nani kawaambia hawa wapishi wa mitandaoni kwamba cong you bing, yaani huu mkate wa Kichina wa majani ya vitunguu, ni chapati uliyotupia kitunguu? Kila video ya Kiswahili nayofungua ni yale yale: unga, hamira, yai, maziwa, sukari, halafu kitunguu maji kimekatwakatwa kinamwagwa kwenye bakuli kinakandwa humohumo, na pembeni wameandika "mkate wa Kichina dakika 15". Mwingine kakoroga uji kamimina kwenye kikaango, hizo ni chapati za maji jamani, na China za kumimina zipo pia ila zina majina yake. Nilifuata moja neno kwa neno na wageni wapo sebuleni, kilichotoka ni donge, nje limeungua katikati bichi, kitunguu kimetoa maji, na bei ya unga mnaijua wenyewe. Nikamuuliza mwenye video kwa adabu kabisa mbona haina matabaka, akafuta komenti yangu. Hapo ndo nilichefukwa kabisa.

Sasa tuelewane. Huu mkate hauna hamira, hauna yai, hauna sukari. Ni unga wa ngano, maji, chumvi, mafuta na majani ya vitunguu, basi, wengine wanaongeza viungo kidogo. Kinachouachanisha ni mvuke, yaani maji yaliyomo kwenye unga yakipata moto yanakuwa mvuke unaosukuma tabaka kutoka kwa tabaka, na matabaka hayashikani kwa sababu katikati kuna mafuta. Ukikandia kitunguu ndani umeshaharibu kila kitu, hakuna tabaka tena, unga unalowa, ukisukuma unachanika.

Na maji yawe yanachemka, hili hawalisemi kabisaaa! Unga gramu 300, unamwagia maji ya kuchemka kama mililita 150 huku unakoroga na mwiko, halafu ya baridi unaongeza kidogo kidogo, 50 hivi, mpaka ushikane. Maji ya moto yanaivisha wanga nusunusu kwahiyo unga unabeba maji mengi na mkate unakuwa laini, ukitumia ya baridi peke yake unatafuna mpaka taya ziume. Kanda, funika, uache nusu saa au zaidi. Nusu saa peke yake ishazidi zile dakika 15 za kwao, sasa wanamdanganya nani?

Mafuta nayo. Wengi kule China hawapaki mafuta matupu, wanachukua vijiko vitatu vya unga mkavu na chumvi, wanamwagia mafuta ya moto, yanachachatika kidogo, wanakoroga inakuwa rojo. Rojo hii haikimbilii pembeni ukisukuma, inabaki pale pale kati ya matabaka. Shanghai kwa jadi wanapenda mafuta ya nguruwe, ila Wachina Waislamu hawayagusi, kwahiyo mafuta ya kawaida ya kupikia yanatosha kabisa.

Unasukuma unga mwembamba, unapaka rojo, unatawanya majani yaliyooshwa na KUKAUSHWA maji vizuri, unakunja kuwa kamba ndefu, unaizungusha kama konokono, unaacha ipumzike kidogo ndo unaisukuma tena taratibu. Na hapa ndo naumia, maana mama zetu wanakunja chapati za kusukuma hivi hivi kila siku, mkono huo tunao tayari nyumbani, halafu mtu anatuletea donge la hamira anasema Kichina ni kigumu ndo maana karahisisha.

Shanghai kuna mzee anaitwa Wu Gencheng, wenyewe wanamwita A Da, watu walikuwa wanapanga foleni masaa kwa ajili ya mkate huu tu. Alikuwa akishakaanga juu ya bamba anauingiza tena ndani ya jiko, chini ya lile bamba, ukauke uwe mkavu nje. Mtu kamalizia maisha yake kwenye kitu kimoja, wewe unakuja kukichafua upate views.

Nyumbani kikaango kinatosha, moto wa wastani, mafuta ya kueleweka, funika mwanzoni ndani paive, kisha funua upate rangi, na kabla ya kuepua ukusanye kwa miiko miwili kutoka pembeni kuja katikati matabaka yaachane. Pembeni weka soya sosi na siki kidogo, pilipili ukitaka.

Kwahiyo nyie mnaopost, vunjeni mkate mbele ya kamera tuone ndani. Picha ya juu haisaidii kitu, juu hata donge linapendeza. Na wakuu mliokaa China au mnaoupika vizuri, shusheni picha za ndani hapa hapa, na mseme rojo yenu mnaweka mafuta kiasi gani, maana vijana wengi wanajifunzia kwenye hizo video na wanaishia kusema chakula cha Wachina kibaya.