Je, Yuda anafaa kuchongwa kwenye kisanduku cha kanisa?

Mchongaji, Kisumu
Hamjambo wandugu. Nachonga jiwe la Kisii hapa Kisumu. Mawe nayatoa Tabaka. Parokia moja imeniagiza kisanduku cha kuwekea hostia, kila upande uwe na kisa cha mateso au ufufuko. Kijana wa kwaya akanionyesha picha za vibao vya pembe za ndovu vya Wakristo wa kale. Kimoja kina Yuda amejinyonga, na papo hapo kando yake Yesu yuko msalabani. Wazee wa kanisa wanasema Yuda ni mkosi. Wale wa kale walimweka kwa nini? Na watu wote hao walienea vipi mahali padogo vile?

Mwalimu mstaafu, Nakuru
Ndugu mchongaji, hivyo ni vibao vinne vilivyonunuliwa na British Museum mwaka 1856. Vilichongwa yapata 420 hadi 430, inaaminika ni Roma, na vilikuwa pande za kisanduku kimoja. Kila kibao kina upana wa sentimita 10 hivi na kimo cha 7.5. Nimefundisha somo la dini maisha yangu yote, na hicho cha Yuda nakipenda kuliko picha zote za Ijumaa Kuu. Tazama mikono. Ya Yuda imelegea, inaning'inia, na mfuko umemwaga fedha miguuni pake. Ya Yesu imenyooka, macho yako wazi, mwili una nguvu. Anatawala akiwa msalabani! Ushindi huo unaonekana kwa sababu Yuda yupo. Na kwenye tawi lile lile lililopinda kwa uzito wake, ndege analisha makinda kiotani. Mchonge, na ndege usimsahau.

Mama wa Jumuiya, Kakamega
Shikamoo mwalimu. Nimekuelewa, ila kisanduku hicho kitakaa altareni, watoto wa komunyo ya kwanza wakitazama. Huku kwetu tumezika vijana waliokufa hivyo hivyo, na mama zao wanakaa viti vya mbele. Wasikutane na kamba wakija kupokea. Hakuna kisa kingine?

Mwalimu mstaafu, Nakuru
Marahaba mama. Hao akina mama watangulie, sina ubishi. Kipo kibao chenye Pilato akinawa mikono, Yesu amebeba msalaba, na Petro ameketi penye moto, kijakazi anamnyooshea kidole, jogoo yupo. Petro alianguka akarudi, watoto wataelewa. Kingine kina kaburi, askari wamelala, na mlango wenyewe umechongwa Lazaro akifufuka. Cha mwisho ni Tomaso na jeraha.

Fundi, Tabaka
Kuhusu nafasi: pembe ni ngumu na ina unyumbufu, kidole chembamba kinasimama. Jiwe letu litakatika. Usiige mikono iliyoachana na kibao. Iache ishikane na ukuta wa nyuma. Chonga jiwe likiwa limelowa, punguza watu wawe watatu kila upande, na ukuta uwe mnene kuliko unavyodhani. Msasa na maji, nta mwishoni. Huyo jogoo mpe kona ya juu, mkia uguse fremu, hatavunjika.

Mchongaji, Kisumu
Asanteni sana. Petro na jogoo, basi. Yule ndege na makinda namchonga juu ya kifuniko.