Maduka ya vitabu Kampala, mali kauli yenu imekuwa wizi wa mchana

Wanajukwaa, nimevumilia vya kutosha, leo natapika nyongo. Kama nawe umejichapishia kitabu cha Kiswahili hapa Uganda kwa pesa yako, njoo. Kama una duka la vitabu, soma mpaka chini, kisha ujitetee.

Duka lenyewe silitaji, wenyewe wanajijua. Liko katikati ya jiji, lina vioo, na mlangoni kuna askari anayepekua mkoba wako ukiingia na ukitoka. Niliwapelekea hadithi yangu ya vijana, maboksi mazima, mali kauli. Wakaniandikia kwenye kile kijitabu cha kaboni, nikapewa nakala. Makubaliano: wauze, wakate asilimia 40 yao, inayobaki wanitumie kwa simu kila baada ya miezi mitatu. Mitatu ya kwanza ikapita, ya pili nayo. Nikipiga simu, mhasibu hajaingia. Nikifunga safari kutoka Arua, binti wa kaunta ananiangalia kwa huruma: "Ssebo, bosi ametoka kidogo." Bosi gani huyu anayetoka kidogo tangu mwaka jana?

Hebu tupige hesabu. Nakala moja ilinigharimu shilingi 7,000 pale Nasser Road, kwa sababu nilichapa chache. Wanaojua uchapaji wa ofseti wanaelewa: pleti, yale mabati ya kuchapia kurasa, na kuiandaa mashine unalipia vilevile hata ukichapa kidogo, kwa hiyo kila nakala inabeba mzigo mkubwa. Bei ya dukani 15,000. Duka likitoa 6,000 yake nabaki na 9,000, nikiondoa za uchapaji napata 2,000. Rolex moja, ile chapati ya kuviringishia mayai, na wala si ile ya mayai mengi! Hiyo nayo wameikalia. Hawakuweka hata senti kwenye kitabu changu, lakini mtaji wangu ndio wanaouzungusha kununulia pamfleti za mitihani ya UNEB, baraza letu la mitihani la taifa, zilizojaa pale mbele.

Majuzi nikaingia kama mteja. Vitabu vyangu nilivikuta rafu ya chini kabisa, nyuma ya mikebe ya jometri, vimelala kifudifudi, majalada yamechubuka. Bei niliyochapa mwenyewe imefunikwa kwa stika: 22,000. Yaani wamejiongezea 7,000 nzima bila kuniuliza, halafu wananiambia kitabu hakitoki. Na vilivyobaki pale havikufika hata robo ya nilivyoleta. Havitoki, vimekwenda wapi? Vimeota miguu?

Bosi alipopatikana siku moja kwa bahati, jibu lake lilikuwa lile lile la miaka yote: "Kiswahili hapa hakiuziki, Waganda hawasomi." Mzee, acha hizo. Huku kwetu Arua na Koboko nimeuza kitabu hicho hicho mkononi, sokoni na nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, mtu anatuma pesa kwa simu papo hapo na kuuliza sehemu ya pili inatoka lini. Wasomaji wapo. Kampala ndiyo ina watu ambao bado wanadhani Kiswahili ni lugha ya askari kukufokea kwenye kizuizi.

Serikali nayo isijifiche. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari wa 2020 umekiweka kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima, msingi na sekondari. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunapiga makofi. Lakini mtoto akishamaliza kitabu cha kiada asome nini? Shule zinanunua vya kiada basi, na sisi wa hadithi tunaambiwa tusubiri.

Na walimu, nawapenda lakini mniache niseme. Mmoja alinitumia picha kwa furaha: darasa zima limeshika kitabu changu. Nikaikuza picha. Fotokopi! Zimebanwa kwa pini pembeni, jalada langu limekuwa jeusi tii. Amenunua kimoja, akatoa vya darasa. Mwalimu, sheria ya hakimiliki ya 2006 ipo, ila sikukuandikia kitu, maana angalau wewe watoto wako wanasoma. Hasira zangu ni za yule mwenye vioo.

Sasa nauliza kwa dhati. Najua mahakama za mahakimu zina utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10, na unajisimamia mwenyewe bila wakili. Kuna mwandishi humu aliyewahi kulipeleka duka huko? Ile karatasi ya kaboni inatosha kuwa ushahidi, au watataka mkataba wenye mhuri? Na picha za stika ya 22,000 ninazo, nizichape au wanaziangalia kwenye simu? Mwenye uzoefu aseme hapa hapa, wiki ijayo nashuka Kampala.