Kutafuta kazi nyingine huku msimamizi akinisumbua

Mwuliza swali, Arusha:
Habari zenu ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa tatu katika kampuni ya utalii hapa mjini, na tangu aje msimamizi mpya nimekuwa nikigombezwa mbele ya wageni, huku maombi yangu ya ruhusa yakikataliwa bila maelezo. Ninataka kuhama, lakini wenye kampuni wanafahamiana. Je, nitafuteje kazi bila habari kumfikia, na nikipata, niondokeje?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana, dada. Usiache kazi masika hii, kwa kuwa kati ya Machi na Mei wageni huwa wachache. Peleka maombi sasa, kabla msimu wa Juni haujaanza. Mdhamini awe bosi wako wa zamani, wala usitumie barua pepe ya ofisi.

Mchangiaji wa pili, Moshi:
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi isiyopungua siku 28, isipokuwa mkataba umeweka muda mrefu zaidi. Ukiondoka kwa hasira bila notisi, mwajiri anaweza kukukata fedha za siku hizo. Dai pia cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako. Mimi niliona aibu kukiomba, nikaja kukihangaikia baadaye.

Mwuliza swali:
Asanteni. Mkataba wangu unataja mwezi mmoja, kwa hiyo nitaanza na maombi wiki hii.