Aliyefuta 47 yangu kwa kidole chenye mate anajijua

Mwalimu Mstaafu (Nakuru):

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa bado nimevaa viatu, kwa kuwa tangu nitoke pale kibandani kwa mama wa chai, nje ya uwanja wa gofu, sijapata utulivu wa kuketi na kufungua kamba. Sitamtaja jina wala hakuna haja. Kila aliyewahi kupita pale saa nne asubuhi anamjua: ni yule bwana wa kofia ya majani, mwenye sauti inayofika Menengai ikarudi na mwangwi, ambaye mpira wake wa kwanza wa kila siku huangukia mashamba ya watu, mpaka ng'ombe wa upande ule wamejifunza kulala chini wanapomwona akiinua fimbo.

Leo mabishano yalimhusu Bernhard Langer, yule mcheza gofu Mjerumani. Nilitoa chaki yangu mwenyewe (nilistaafu kazi, sikustaafu chaki), nikauendea ubao ambao makedi, wale wabeba fimbo za wachezaji, huandikia zamu zao, nikaandika kwa mwandiko uliosomesha nusu ya mji huu: Langer, 47. Chini yake nikaandika jina la Mmarekani: Hale Irwin, 45. Hayo ni mataji yao katika ziara ya wakongwe ya Marekani, ile ya wachezaji waliotimiza miaka 50. Kabla sijajipangusa vumbi, yule bwana alisimama, akalamba kidole gumba, narudia, akakilamba mbele ya watu wazima waliokuwa wakinywa chai, akaifuta 47 yangu na kuandika sufuri. Kisha akatangaza kwamba ushindi wa wazee ni kama mbio za watoto wa chekechea siku ya wazazi, ambapo kila mmoja hurudi nyumbani na peremende.

Makedi walicheka hadi heroe wakaruka ziwani. Niliwaona kwa macho yangu, ingawa mke wangu anasisitiza kwamba kutoka pale ziwa halionekani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimewafafanulia vijana wale jambo hili kwa namba za kaunti zetu za Kenya, 001 hadi 047, kila taji kaunti moja, na walikuwa wameanza kuelewa. Irwin alisafiri mpaka 045, Kisii, akaishia hapo. Februari 2023, kule Naples, Florida, Langer alimkuta Kisii akiwa na umri wa miaka 65. Julai mwaka uo huo alishinda U.S. Senior Open huko Wisconsin, akaingia 046, Nyamira, ambako hakuna mchezaji mwingine wa ziara ile aliyewahi kukanyaga. Mnamo Februari 2024 kano ya kisigino ikamkatika, na watu wakadhani safari imekwisha. Novemba mwaka uo huo, akiwa na miaka 67, alisimama kwenye shimo la mwisho huko Phoenix, mpira ukiwa futi 30 hivi kutoka shimoni, akausukuma ukatumbukia, akashinda kwa mkwaju mmoja na kuingia 047, Nairobi. Sasa mtu mzima anaifuta Nairobi kwa mate!

Naomba nieleweke kwamba kufutiwa ubao si tatizo langu, kwa maana nimefutiwa ubao na wanafunzi, na mvua, na hata mbuzi mmoja mwaka 1994. Tatizo ni kile kidole. Alikilamba polepole, huku akinitazama. Na aliyefanya hivyo ni mtu ambaye kombe pekee alilowahi kuinua maishani ni kikombe cha chai, tena cha mkopo.

Sirudi pale mpaka aandike 47 upya, kwa chaki, kwa mkono mkavu.

Kedi wa Zamani:

Mwalimu, mimi nilikuwepo, kwa hiyo tuseme ukweli wote. Hakulamba kidole mara moja, alilamba mara mbili, kwa sababu ile 4 ilikataa kufutika. Pia hukutaja kwamba ulitokwa na machozi.

Mwalimu Mstaafu:

Yale hayakuwa machozi, bali ni vumbi la chaki. Hata hivyo nashukuru kwa ushahidi wako, kwa sababu sasa imethibitika kwamba alilamba mara mbili.

Mwana wa Kondele:

Nikiwa huku Kisumu nimesoma uzi huu nikacheka hadi jirani akagonga ukuta. Pamoja na hayo, bwana wa kofia ana hoja. Mashindano mengi ya ziara ile ni ya siku tatu, mashimo 54, na hakuna anayerudishwa nyumbani katikati kwa kucheza vibaya. Katika mengi yao mtu anaruhusiwa hata kupanda kigari. Babu yangu ana miaka 80 na angeweza kuvumilia siku tatu za kuendeshwa kwenye nyasi.

Binti wa Milimani:

Babu yako angevumilia siku tatu, lakini je, angevumilia miaka 18? Langer alipata angalau taji moja kila mwaka, kuanzia 2007 hadi 2024, bila kuruka hata mwaka mmoja. Wako pia wanaosema wapinzani wake ni vikongwe waliochoka, lakini kila mwaka wanaingia wapya waliotimiza miaka 50 jana, wenye magoti mazima, naye akawashinda akiwa amewazidi miaka 15. Mwaka 2014 kule Royal Porthcawl, Wales, alishinda Senior Open kwa tofauti ya mikwaju 13. Mwalimu, nakuunga mkono, ila acha kulia hadharani.

Mwalimu Mstaafu:

Nimeshasema lilikuwa vumbi.

Mpenzi wa Irwin (Kakamega):

Mnalia kuhusu 47 iliyofutwa, na hakuna anayelia kuhusu 45 iliyoachwa pale chini kama maiti isiyo na mwenyewe. Irwin ni mshindi wa U.S. Open mara tatu, 1974, 1979 na 1990, na katika mwaka 1997 pekee alitwaa mataji 9 ya wakongwe. Isitoshe, hakusaidiwa na ile fimbo ya Langer ya kusukumia mpira shimoni, ndefu kama mwiko wa kusongea ugali wa harusi. Sheria ilibadilika mwanzoni mwa 2016, fimbo isiegemezwe tena mwilini, lakini Langer bado anatembea nayo.

Binti wa Milimani:

Ndugu, kilichokatazwa ni kuiegemeza mwilini, si urefu wake, na yeye huishika mbali na kifua. Baada ya 2015 ameongeza mataji zaidi ya 20. Tena fimbo ile ilikuwa tiba. Mikono yake ilikuwa ikimtetemeka vibaya kila alipotaka kusukuma mpira wa karibu, ugonjwa uliomrudia mara kadhaa tangu ujana wake, na pamoja na huo alishinda Masters mwaka 1985 na 1993.

Mkaazi wa Kisii:

Mimi nina lalamiko tofauti. Kwa nini Kisii ndiyo iwe mahali pa kuishia? Kila mfano wa kukwama katika jukwaa hili lazima upitie kwetu. Mwalimu angeweza kuanza kuhesabu kutoka upande wa pili, na Irwin akakwama Kilifi.

Mwana wa Kondele:

Nyinyi angalau mmetajwa. Sisi wa 042 tumerukwa kabisa. Nimehesabu mwenyewe: taji la 42 ni lile la Oktoba 2021, huko Richmond, Virginia, ambapo Langer, akiwa na miaka 64, aliweka rekodi ya mshindi mzee kuliko wote waliowahi kushinda katika ziara ile. Rekodi kama hiyo imepatikana Kisumu na Mwalimu ameipita kama basi la usiku.

Kedi wa Zamani:

Kama ni kuhesabu, basi mjue kwamba 032, ambayo ni Nakuru yetu, ni Senior PGA ya Mei 2017. Siku hiyo Langer alimpita gwiji wa gofu Jack Nicklaus kwa idadi ya mataji makuu ya wakongwe, akafikisha tisa. Kwa hiyo wanaoishi Nakuru waache kulalamika, tuliwahi kumpita Nicklaus.

Mkaazi wa Kisii:

Bado sijajibiwa kuhusu Kilifi.

Mpenzi wa Irwin (Kakamega):

Wala mimi sijajibiwa kuhusu 45.

Mama wa Chai:

Mwalimu, shikamoo. Uliondoka na hasira bila kulipa chai na mandazi mawili. Usihangaike kurudi leo, yule wa kofia amekulipia pamoja na deni lake lote la mwezi huu. Ila uliondoka na chaki, na makedi wanauliza wataandikia nini zamu za kesho.