Nina Canon 600D ya mtumba na lenzi ya 18-55, nataka kupiga wadudu na maua kwa karibu kabisa, nianzie wapi? (Moshi)

kihamba_boy
Habari za humu wakuu, wakubwa shikamooni. Niende moja kwa moja. Mwezi uliopita nimenunua Canon 600D ya mtumba kwa jamaa mmoja Moshi mjini, imekuja na ile lenzi ya kawaida ya 18-55 na betri moja inayokufa haraka kuliko bando langu. Mimi mambo ya harusi na kipaimara sitaki, niliinunua kwa ajili ya wadudu. Niko kwa bibi huku Kibosho, kihamba chote ni migomba na kahawa na maua yanayojiotea tu, ukichuchumaa dakika tano unaona mambo, vunjajungu, buibui wa njano tupu, viwavi wenye manyoya, konokono wadogo kama punje ya mtama.

Shida ni picha. Nikisogea karibu kamera inakataa kufokasi, inahangaika mbele nyuma mbele nyuma, nikirudi nyuma mdudu anakuwa kadoti, nikimkuza kwenye kompyuta napata uji. Jana nimepiga vunjajungu picha 84, ya maana hakuna, moja ndio afadhali na hapo kilichotoka vizuri ni jani alilokalia. Nimeuliza lenzi ya makro yenyewe (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya 100mm nikatajiwa milioni na kitu, nikasema asante nikaondoka. Kuna njia ya sisi wenye mifuko iliyotoboka? Au niuze nifuge kuku?

Mzee wa Njiro
Marahaba kijana. Usiuze. Kuku wana kideri, kamera haina.

Lenzi yako sio mbovu, imetengenezwa hivyo, haifokasi kitu kilicho chini ya sentimita 25 kutoka kwenye sensa, kile kibati cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Kwa hiyo ni kuidanganya. Unazo njia mbili za bei ndogo. Ya kwanza ni ringi ya kugeuza lenzi, ukaichomeke kinyumenyume, kioo cha mbele kitazame ndani ya kamera. Lenzi yako mbele ina uzi wa milimita 58 kwa hiyo tafuta ringi ya 58 kwa Canon, usije ukabeba ya Nikon halafu ukarudi hapa unalia. Ikishageuka zumu nayo inageuka akili, ukienda 18 ndio inakuza zaidi, ukienda 55 inapunguza. Anza na 55 maana 18 utaona nywele za mguu wa nzi na hutajua ni mguu upi.

Njia ya pili ni tyubu za kurefusha, ni mapipa matupu hayana kioo chochote ndani, yanaisogeza tu lenzi mbali na sensa. Hesabu yake rahisi, urefu wa tyubu gawa kwa milimita za lenzi. Ukipata ile lenzi ya 50mm f/1.8 ukaweka tyubu ya 25 unapata nusu ya ukubwa halisi, ukiweka 50 unapata moja kwa moja (1:1), yaani mdudu wa sentimita moja anachukua sentimita moja ya sensa. Hiyo ndio makro yenyewe wanayoiongelea. Ukitumia 18-55 yako na tyubu, kaa kwenye 55, ukirudi 18 fokasi inaingia ndani ya kioo huoni kitu.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo wengi wanapotupa ringi zao jalalani. Ukigeuza lenzi, au ukitumia tyubu za bei chee zisizo na waya, kamera haiongei tena na lenzi, apacha (tundu la ndani ya lenzi linalopitisha mwanga) inabaki wazi yote na kinachoonekana vizuri ni unene wa kucha tu. Fanya hivi: lenzi ikiwa imekaa kawaida weka kamera kwenye Av (unachagua apacha mwenyewe), chagua f/8 (namba ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo), kuna kitufe kidogo mbele ya bodi pembeni ya lenzi, kibonyeze ukishikilie, usikiachie, huku umeshikilia chomoa lenzi kamera ikiwa inawaka. Ukiangalia ndani ya lenzi utaona vile vibati vimejifunga kwenye f/8 na vinabaki hivyo hivyo. Ndio unaigeuza sasa.

chuga_flani
Mzee nimeifuata hiyo ya kitufe sasa hivi nikiwa kitandani, imekubali 😂 miaka minne nina hii kamera nilijua hicho kitufe ni cha kutolea lenzi kikaharibika

DadaPicha_Ars
Mzee kaongea ya lenzi mimi naongea ya mwanga, maana ndugu yangu hapo kwenye migomba ndiyo itakutesa kuliko lenzi.

Ukikuza mpaka moja kwa moja, mwanga unaokufikia unapungua mara nne. Hiyo f/8 yako inafanya kazi kama f/16. Juu yake uko chini ya migomba, giza, upepo unatingisha jani, na mikono yako nayo inacheza. Hapo usitegemee mwanga wa jua, tumia flashi, hata hiyo ndogo ya juu ya kamera inatosha. Weka M (unapanga kila kitu mwenyewe), shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/200, ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) 200 au 400. Flashi inawaka muda mfupi sana kuliko hata hiyo shata, ndio inayomgandisha mdudu, sio shata.

Ila flashi ikienda kavu kavu mdudu anatoka na mng'ao mweupe mgongoni kama kapakwa mafuta ya mgando, na lenzi yako itatupa kivuli chini. Chukua dumu jeupe la maji la lita tano, lile linalopitisha mwanga, kata upande mmoja, toboa tundu la lenzi kupita, hicho ndio kilainishi chako. Ndani bandika karatasi nyeupe tabaka moja au mawili. Linachekesha kweli, mimi nikitoka nalo majirani wanadhani naenda kurina asali, lakini picha zangu zote za nyuki za mwaka huu zimetoka kwenye dumu. Zamani tulikuwa tunafunga mfuko wa rambo mweupe kwenye flashi, tangu mifuko ilipopigwa marufuku 2019 ndio tukahamia madumu.

Na usifokasi kwa kuzungusha ringi ya fokasi ya lenzi. Weka fokasi ya mkono, iache hapo hapo, halafu sogea wewe, mwili mzima taratibu mbele, jicho la mdudu likiwaka kwenye kioo ndio unabonyeza. Kwa mkono wa kushoto shika kijiti au jani alilokaa, na lenzi uiegeshe juu ya mkono huo huo. Hapo jani likitikisika na lenzi inatikisika nalo, mnaenda pamoja. Hii nilijifunza kwa kuumia, mwaka mzima nabeba tripodi shambani na nikimaliza kuitegesha mdudu kashahama.

mama_wa_duluti
Na sisi wa simu jamani? Sina kamera nina simu tu, naenda Ziwa Duluti jumapili na watoto, kerengende wamejaa kwenye majani ya pembeni ya maji, wekundu, wa bluu, lakini simu yangu ina hiyo inaitwa kamera ya makro na picha zake ni mbaya kuliko ya kawaida.

DadaPicha_Ars
Dada hiyo kamera ya makro ya simu nyingi za bei ya kati ni ya megapikseli 2, wameiweka wapate kuandika kwenye boksi. Isahau. Tumia kamera kubwa ya simu, nunua kile kilenzi cha kubana na kibanio, au kama una DVD iliyokufa muombe fundi akutolee kile kikioo kidogo cha ndani, unakishikiza mbele ya kamera na utepe. Kinakuza mpaka unaona magamba ya bawa la kipepeo yamepangana kama vigae vya paa. Ila lazima usogee karibu mno, na kerengende hakai kukusubiri. Nenda saa moja asubuhi, wanakuwa wamelowa umande hawawezi kuruka.

sayansi_mtaani
Kuna njia rahisi jamani mbona mnateseka. Mkamate mdudu muweke kwenye friji dakika kumi, akitoka ametulia tuli unampiga unavyotaka.

Mzee wa Njiro
Hiyo hapana. Kwanza wengine hawaamki. Pili inaonekana, mtu anayewajua wadudu akiona picha anajua, miguu imejikunja chini, antena zimelala, mdudu amekaa kama mlevi juu ya ua ambalo hajawahi kulitembelea maisha yake. Na tatu mwanangu, asubuhi ya mwezi wa saba Arusha ni friji tosha, toka nje saa kumi na mbili na nusu uone kama utampata nyuki anayeweza kuruka.

sayansi_mtaani
Sawa mzee nimekuelewa. Nilikuwa natania nusu

kihamba_boy
Wakuu nimerudi, siku tisa zimepita. Ringi nimeipata mjini, dumu nimemwomba bibi, akanipa la mafuta ya kula kwanza nikalisugua nusu saa.

Ripoti. Siku ya kwanza nimeliwa na siafu. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya mgomba nimekaza macho kwenye kioo, mvua ilikuwa imenyesha usiku, sikuona kwamba nimepiga goti pembeni ya njia yao. Nimevua suruali mbele ya bibi na mama mdogo. Tuendelee.

Nilivyopoa nikasema hawa hawa nitawapiga. Nimetafuta jicho la siafu nifokasi kama dada alivyosema, nimetafuta weee, sioni. Nimekosea wapi?

Mzee wa Njiro
Hujakosea. Siafu mfanyakazi hana jicho. Wanakwenda kwa harufu na kugusana. Kwao fokasi kwenye mataya, ndiyo uliyokutana nayo gotini.

kihamba_boy
Aisee 😅

Haya, vunjajungu nimempata, safari hii ni yeye sio jani. Ana kidoti cheusi kwenye kila jicho na nilipohamia kushoto kidoti kikanifuata, nikaenda kulia kikanifuata. Nimeshindwa kuendelea, nikamwambia basi bwana nimekuelewa.

DadaPicha_Ars
Hahaha hakufuati wewe. Jicho lake ni vijicho vingi vidogo kama sega la nyuki, vile vinavyokuelekea wewe moja kwa moja vinameza mwanga havirudishi, ndio unaona doti. Popote ukisimama doti iko upande wako. Ila ndio siri ya picha nzuri ya vunjajungu, doti zikiwa katikati ya macho yote mawili mtu akiona picha anahisi anatazamwa.

chuga_flani
Swali la nyongeza, mimi jicho linatoka safi ila miguu na mgongo ukungu, hata f/11.

Mzee wa Njiro
Ni kawaida, kwenye ukubwa huo na f/8 unene unaoonekana vizuri haufiki milimita moja. Usikimbilie f/22, picha nzima italainika, utapata kila kitu na hakuna kilicho kikali. Piga picha tano mpaka kumi mfululizo huku unasogea mbele kidogo kidogo, kisha ziunganishe kwenye kompyuta. Kuna programu ya Picolay ni ya bure. Kwa mdudu aliyelala asubuhi inawezekana kabisa bila tripodi. Kwa ua ni rahisi zaidi, muda wako ni wako. Mkipanda njia ya Marangu mtafuteni yule impatiens wa Kilimanjaro, mwekundu na njano, mkia umejikunja kama mkonga wa tembo, hamtamkuta mlima mwingine wowote duniani, nje ya Kilimanjaro hayupo. Anapenda sehemu zenye unyevu msituni, pembeni ya njia hapo chini ya kambi ya Mandara. Yeye haruki.

kihamba_boy
Mzee nitapanda. Ila kuna jambo limetokea jana ndio lililonileta.

Nilikuwa napiga majani ya kahawa kwa chini tu, kujifunza mwanga. Kwenye jani moja nikakuta vidoti vyeupe, kwa macho ni kama uchafu wa chokaa. Nimepiga nikakuza, kumbe mayai, kumi na mbili, yamebanana safi kama yamepangwa na mtu kwenye trei, na kila moja lina duara juu kama mfuniko. Matawi mawili pembeni kuna mdudu kama ngao, mweusi na rangi ya chungwa na vidoa vyeupe, hafiki sentimita. Nikampiga naye maana rangi zake nzuri. Jioni nikamwonyesha bibi kwenye kioo cha kamera, yeye huwa anaangalia tu kwa heshima anasema "vizuri mjukuu wangu" anarudi kwenye sufuria yake. Jana akanyang'anya kamera. Akaikuza mwenyewe, sijui kajifunza lini. Akaniuliza jani liko mti gani.

BwanaShamba_Hai
Huyo ni antestia. Anafyonza kahawa changa zinadondoka, zinazobaki punje zinaharibika ndani, na kahawa ikikobolewa ndio unajua umechelewa. Mayai yao ndio hayo hayo, karibu dazeni chini ya jani. Anapenda mti uliosongamana, giza giza ndani. Mwambie bibi apogoe, mwanga uingie katikati ya mti, na kabla hajapuliza dawa yoyote apeleke picha hiyo TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa) pale Lyamungo, si mbali na kwenu. Picha kama hiyo ni nzuri kuliko kuniambia "kuna kadudu fulani".

kihamba_boy
Bibi kashaanza kupogoa leo asubuhi, mimi ndio nabeba matawi. Ameniambia nipite mti kwa mti chini ya majani, safu zote. Ni miti mia mbili na kidogo. Betri ni ile ile moja.

chuga_flani
weka picha ya mayai tuone basi mkuu

kihamba_boy
Bando limeisha, naandika kwa simu ya mama mdogo. Kesho nikishuka mjini kufuata betri nitaipandisha.