Kutoboa mlango nyumba ya mawe ya zamani, Bagamoyo, naombeni ushauri

BintiPwani:
Wakuu habari zenu. Tuna nyumba ya babu huku Mji Mkongwe, ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti. Mama analala chumba cha nyuma, magoti yanamsumbua sana, na kwenda chooni uani lazima azungukie ukumbini ashuke ngazi, usiku ndo balaa kabisa. Nataka chumba chake kipate mlango wa kutokea uani moja kwa moja. Fundi kaja kapima, ukuta karibu futi mbili unene, anasema anavunja siku moja kwa nyundo kubwa halafu anamwaga linta ya zege, ile ya kubeba ukuta juu ya mlango. Moyo wangu umekataa. Chumba kina dirisha moja linaangalia uani.

FundiChokaa:
Dada, huyo msimamishe. Nyumba hizo hazina nguzo wala bimu, ukuta ndo kila kitu, na katikati ya ukuta ni vijiwe na chokaa tu, ukipiga nyundo kubwa mawe yanalegea mpaka juu usikokuona. Angalia vichwa vya boriti vimelala ukuta upi. Boriti za mikoko ni fupi ndo maana vyumba vyetu ni vyembamba virefu, zinalalia zile kuta ndefu mbili, ukitoboa hapo bila mirunda ya kuishikilia dari, inashuka.
Ila kwanini utoboe wakati dirisha lipo? Lishushe liwe mlango. Juu yake tayari kuna mbao zinazobeba ukuta, unatoa mawe ya chini tu, kwa tindo na nyundo ndogo, jiwe moja moja. Upana usiongeze hata inchi. Pembeni ziba kwa chokaa na mchanga, sementi hapana, ni ngumu kuliko lile jiwe na inafungia unyevu ndani, plasta itabanduka kila mwaka. Zile mbao za juu zichome bisibisi kwanza uone kama zimeoza.

Mzawa_Kaole:
Msikilize fundi. Kwa shangazi yangu walitoboa kwa papara, usiku mawe yakamwagika kitandani, Mungu tu hakukuwa na mtu.
Na kibali usisahau, anzia halmashauri na watu wa Mambo ya Kale. Sheria ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, na milango na fremu za kuchonga za kabla ya 1940 nazo zimo, kwahiyo kama mbele mna mlango wa nakshi asije mtu akakwambia tuuhamishie uani. Nenda na picha za ukuta ulivyo sasa.

BintiPwani:
Asanteni sana jamani. Nimepanda stuli na tochi. Vichwa vya boriti vinne viko juu ya dirisha kabisa, yani ukuta huu ndo umebeba dari, yule fundi angevunja pembeni tungelia. Mbao za juu ziko tatu, mbili za ndani bisibisi haiingii, ya nje imezama yote ikatoka na unga wa mchwa. Upana wa dirisha sentimita 78.

FundiChokaa:
78 mama anapita vizuri, hata akishikwa mkono. Hiyo ya nje ndo inayonyeshewa, ibadilishwe kabla hujagusa jiwe la chini, na mirunda isimame ndani chini ya zile boriti nne mpaka chokaa ikauke. Chokaa haina haraka kama sementi, ipe wiki kadhaa. Na kizingiti cha chini usiache kimeinuka, kwa magoti hayo atajikwaa.